Kwa nini Oysterbay si Manzese: vifungu vya sheria vilivyochora Dar es Salaam

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nikitoka Oysterbay kupitia Upanga na Kariakoo hadi Manzese naona kama nimepita miji minne. Rafiki yangu anasema ni tofauti ya kipato tu. Mimi nahisi sheria ina mkono wake hapo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nataka kununua kiwanja Goba ambacho dalali anasema "kimerasimishwa". Sheria hizo zinanihusuje, na nikague nini kabla ya kutoa pesa?

Jibu: Kipato kimo, lakini kipato hakipimi viwanja. Kiwanja cha Oysterbay kilikaribia ekari nzima na cha Kariakoo kikatosha nyumba ya vyumba sita na ua kwa sababu kuna watu waliokaa ofisini wakaandika hivyo, na maandishi yao yamewazidi umri. Nyumba hubomolewa, wenye mali hubadilika, bei hupanda. Mstari wa mpaka ukishapimwa na kusajiliwa ni vigumu mno kuuhamisha. Ndiyo maana anayetaka kuielewa Dar aanze na kanuni zilizochora mistari, kisha ndiyo atazame majengo.

Mwaka 1891, Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu yao, walitoa kanuni ya ujenzi iliyogawa mji kwa aina ya jengo. Upande wa bahari, mashariki, ziliruhusiwa nyumba za mtindo wa Ulaya tu. Nyumba za miti, udongo na makuti zilisukumwa nyuma. Waingereza waliendeleza mpango huohuo katika miaka ya 1920 kwa kanda tatu: ya kwanza makazi ya "aina ya Ulaya", ya pili makazi na maduka, ya tatu nyumba za "aina ya wenyeji". Angalia ujanja uliomo. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na ubaguzi ulioandikwa waziwazi ungeleta malalamiko, hasa kutoka kwa Wahindi. Basi sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja ukuta na paa. Mwenye uwezo wa nyumba ya udongo alikuwa mvunja sheria Uzunguni na raia mwema Kariakoo. Kazi yote ya kutenga watu ilifanywa na kifungu kuhusu vifaa vya ujenzi.

Kati ya kanda hizo uliachwa ukanda mtupu. Hoja iliyotolewa ilikuwa afya, kuzuia magonjwa yasivuke kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sehemu ya ukanda huo ndiyo Mnazi Mmoja ya leo. Sisi tumeirithi kama bustani na uwanja wa mikutano, na ni bahati kwamba haijajengwa, lakini iko pale ilipo kwa sababu ya sheria ya kutenganisha.

Mpango kabambe wa 1949 ulibadilisha msamiati tu: badala ya aina za nyumba tukapata maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Ukiweka ramani hizo juu ya zile za zamani, msongamano mdogo ni Uzunguni, wa kati ni Uhindini, mkubwa ni Uswahilini. Kila ngazi ilikuja na kifurushi chake: ukubwa wa kiwanja, upana wa barabara, umbali wa nyumba na mpaka, huduma zitakazofikishwa. Mipango ya 1968 na 1979 ilitengenezwa baada ya uhuru, ila ngazi tatu zilibaki, na hadi leo afisa mipango miji bado anaainisha viwanja kwa maneno hayohayo. Hapa ndipo rafiki yako anapochanganya. Tajiri na maskini wapo kila mji. Kuwapimia mitaa yenye vipimo tofauti, na kuweka vipimo hivyo kwenye sheria, ni uamuzi.

Upanga na katikati ya mji kuna kisa kingine. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu wa ardhi ulifutwa na kugeuzwa upangishaji wa serikali, na 1969 ukawa haki ya kumiliki kwa muda na kwa masharti. Kisha ikaja sheria ya 1971 ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 lilichukuliwa na serikali, na lililozidi umri wa miaka kumi halikulipiwa fidia. Majengo mengi yalikuwa ya Wahindi. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Matokeo yake mtaani yalionekana kwa miongo miwili: kodi ilikuwa ndogo, mpangaji hakuwa na sababu ya kujenga kitu kisicho chake, na msimamizi hakuwa na fedha za ukarabati. Ghorofa mbili na tatu za miaka ya 1930 hadi 1960 zikabaki zimesimama kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haki na fedha za kuzibomoa kwa wakati mmoja. Masharti yalipolegezwa, minara ikaota haraka, na mitaa hiyo ikapoteza majengo yake mengi ya zamani.

Manzese nayo haikuwa nje ya sheria moja kwa moja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 sera ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga upya. Kuanzia 1972 serikali iligeuka: maeneo yaliyokwisha jengwa yaboreshwe, na viwanja vipya vipimwe na kuwekewa huduma za msingi, mwananchi ajenge mwenyewe. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia Manzese ilipata barabara na maji, na Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikapimwa viwanja. Kiwanja kidogo cha mradi huo kilikuwa mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288. Ekari moja ya Oysterbay, kabla ya kutoa barabara, inaingiza viwanja 14 vya namna hiyo.

Baada ya hapo tulifanya jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa la kitaalamu: viwango vilivyotumika kwa muda mrefu viliweka mita za mraba 400 kuwa kima cha chini hata kwenye msongamano mkubwa. Vikaja kulegezwa, lakini mji ulikuwa umeshapanuka. Mita 112 zilizoongezwa kwa kila kiwanja maana yake ni ardhi zaidi ya kufidia, barabara ndefu zaidi, bomba refu zaidi, na bei ambayo mwenye kipato cha chini haifikii. Aliyeshindwa hakuacha kujenga. Alikwenda kununua kipande cha mita 8 kwa 12 kwa mwenye shamba, akaandikiana naye mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kwa hiyo tunachokiita makazi holela kwa kiasi kikubwa kimechorwa na sheria: kila kiwango kilichopandishwa juu ya uwezo wa watu kilisogeza familia nyingine upande wa pili wa mstari.

Nitakuonyesha kwa hesabu jinsi kanuni za ujenzi zinavyogeuka kuwa umbo. Kiwanja kina vidhibiti vitatu: umbali wa kuacha kutoka mpakani, asilimia ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo, na uwiano wa jumla ya sakafu zote kwa eneo la kiwanja. Namba hutofautiana kwa eneo na kwa matumizi, kwa hiyo zangu hapa ni za mfano tu. Chukua kiwanja cha 12 kwa 24, uache mita 3 mbele, 3 nyuma na 1.5 kila ubavu. Unabakiwa na 9 kwa 18, sawa na mita za mraba 162. Ukiruhusiwa kufunika nusu tu, unashuka hadi 144. Uwiano ukiwa 1, sakafu zote kwa pamoja zisizidi 288, basi una ghorofa mbili za 144 au tatu za 96. Uwiano ukipandishwa hadi 1.5, una 432, na mtaa mzima utapanda ghorofa ya tatu ndani ya miaka michache bila mchoraji yeyote kubuni lolote. Afisa aliyebadilisha namba moja kwenye jedwali ndiye aliyebadilisha mandhari ya mtaa.

Sasa peleka masharti yaleyale kwenye kipande cha 8 kwa 12. Upana unabaki mita 5, kina mita 6. Mita 30 za mraba, chini ya theluthi moja ya kiwanja, na bado hujachimba shimo la karo. Hakuna atakayekubali kununua mita 96 ajenge 30. Atajenga hadi mpakani, jirani naye hivyohivyo, na ile nafasi ya mita 3 kati ya kuta mbili, ambayo ingeleta hewa, mwanga na kuzuia moto usiruke, inakuwa kichochoro cha kupita kwa ubavu. Dirisha linatazama ukuta. Mvua ikinyesha, maji ya paa la jirani yanamwagikia msingi wako. Wakubwa humlaumu mwananchi kwa hili. Mimi namlaumu aliyeandika kanuni moja kwa viwanja vya kila ukubwa, wakati kwa viwanja vidogo ingetosha kuruhusu kuta zishikane pande mbili na kulazimisha ua wa ndani wenye kipimo kinachojulikana. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma ilishatatua sehemu kubwa ya tatizo hilo zamani.

Kariakoo ni tatizo lilelile limegeuzwa juu chini. Viwanja vilipimwa kwa nyumba ya chini, kisha mipango ya kuiendeleza upya ikaruhusu ghorofa nyingi juu ya mipaka ileile midogo. Kuunganisha viwanja viwili au vitatu kungetoa jengo lenye ngazi za dharura, maegesho na hewa, lakini mirathi, ndugu kumi kwenye hati moja na kutoaminiana hukwamisha. Basi kila mmoja anapanda juu peke yake, ukuta kwa ukuta, na kila anayechimba msingi mpya anachimba kando ya msingi wa jirani. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, karibu na hapo, liliporomoka na kuua watu 36. Viongozi walieleza kwamba ghorofa zilikuwa zimezidi zilizoidhinishwa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo kwenyewe na kuua. Kibali cha ujenzi ni karatasi ya siku moja. Ukaguzi wa kila hatua, msingi, nguzo, kila sakafu kabla ya zege kumwagwa, ndiyo sheria yenyewe, na hapo ndipo penye upungufu.

Kuna kifungu kingine kinachochora mji kimyakimya: hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zile mita 7.5 za nyongeza ndizo zilizozaa rangi mbili za alama ya X inayochorwa kwenye ukuta wa nyumba inayotakiwa kuondolewa: nyekundu kwa aliyeingia ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye hafidiwi, na kijani kwa aliyefuatwa na sheria akiwa tayari ana haki yake, ambaye anafidiwa. Usizichanganye ukiuziwa nyumba yenye X. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya ilikuwa na kipimo chake cha tangu zamani, mita 121.5 kila upande. Kifungu kililala kwa miongo mingi, watu wakajenga, wengine wakapata umeme na maji humo humo, kisha mwaka 2017 kikaamshwa na nyumba zikaondolewa. Sheria isiyotekelezwa haijafa, na kukaa muda mrefu ndani ya hifadhi hakukupi haki.

Tuje Goba. Kurasimisha ni kuyapanga, kuyapima na kuyapa hati maeneo ambayo watu walishajenga bila mpango. Neno "kimerasimishwa" kwa dalali linaweza kuwa na maana nne, na bei zake hazifanani. La kwanza, kampuni imepita mtaani na kukusanya michango, mchoro haujaisha. La pili, mchoro wa mipango miji, yaani ule unaoonyesha matumizi ya kila kipande na njia zake, umeidhinishwa. La tatu, upimaji nao umeidhinishwa, na kiwanja kina namba na kitalu. La nne, hati imetoka. Kati ya hatua na hatua inaweza kupita miaka. Mwambie muuzaji akupe namba ya mchoro wa mipango miji na namba ya ramani ya upimaji. Asipokuwa nazo, wewe unanunua ahadi. Akikuonyesha leseni ya makazi, jua hiyo si hati: ni haki ya muda mfupi, mwanzo ilikuwa miaka 2 na baadaye 5, na haikufungi wala kukulinda kama hati ya miaka 33, 66 au 99.

Ukiwa na namba hizo nenda ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Ubungo, uone mchoro kwa macho yako, si picha ya simu. Tafuta matumizi yaliyoandikwa kwenye kiwanja hicho hasa. Vipande vilivyotengwa kwa shule, zahanati au eneo la wazi huuzwa kila siku na watu wanaojua wanachofanya. Kisha fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kama hati ipo, uone jina, rehani na zuio.

Baada ya karatasi, nenda eneo na mpima ardhi aliyesajiliwa mwenye kifaa cha kipimo sahihi. Simu yako inaweza kukosea mita kadhaa, na kwenye kiwanja cha upana wa mita 12 hiyo ni chumba kizima. Atafute bikoni zote, yaani alama za mpaka zilizopandwa ardhini, alinganishe na ramani, akuambie ukuta wa jirani uko wapi. Halafu chukua futi kamba mwenyewe upime barabara kutoka lami hadi kiwanjani, kila penye kona na kila penye ukuta.

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa urasimishaji wetu, na nitaukazia. Kwa nia njema ya kutobomoa, mpango mara nyingi huchora nyumba zilivyo na kuzipa hati, na njia inabaki ile iliyosalia. Kichochoro cha mita 2 kikishazungukwa na hati kimepata ulinzi wa kisheria wa kubaki kichochoro. Siku manispaa ikitaka mita 6, italazimika kufidia kila mmoja. Utaratibu wenye akili ni kinyume: majirani wakubaliane kwanza kila mmoja anatoa kiasi gani, ukuta urudi nyuma, mawe ya barabara yawekwe, ndipo hati zitoke. Kwa hiyo mchoro ukisema mita 6 na ardhini ukapima 3, uliza nani amesaini kurudisha ukuta wake na lini. Kama hakuna, hesabu kwamba utaishi na mita 3: gari la zimamoto halitafika, gari la kunyonya majitaka litasimama mbali na kukutoza mpira wa ziada, lori la mchanga litakushushia barabarani ulipie vibarua.

Goba ina mabonde. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kama ilivyo kwa bahari na ziwa. Bonde linaloonekana kavu mwezi wa Septemba litazame tena masika, au uwaulize majirani maji yalifika wapi. Bikoni zilizopandwa ndani ya mita hizo hazibadilishi sheria.

Ukishapata hati, soma masharti yake kabla ya kuweka kwenye kabati. Kawaida unatakiwa uwe umejenga ndani ya miezi 36. Ndiyo asili ya misingi na kuta za uzio unazoona zimesimama peke yake Mbweni na Bunju, zimejengwa kumwonyesha afisa ardhi, si kukaliwa. Hati ikisema makazi, fremu za maduka mbele zinahitaji kibali cha kubadilisha matumizi kwanza, na ombi hilo hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Wengi hujenga fremu kisha wakaenda kuomba, na hapo hubaki kulipa faini au kubembeleza.

Kwa kibali cha ujenzi andaa nakala ya hati au uthibitisho wa umiliki, risiti ya kodi ya ardhi, ramani ya eneo inayoonyesha umbali wa jengo na kila mpaka, na michoro ya msanifu aliyesajiliwa. Ghorofa inahitaji pia michoro ya mhandisi na, kutegemea ukubwa, zimamoto na cheti cha mazingira. Michoro mingi hurudishwa kwa makosa madogo: umbali wa mpakani haukuandikwa kwa namba, shimo la karo limechorwa juu ya mpaka au mahali gari haliwezi kufika, kiwanja cha kwenye mchoro hakilingani na cha kwenye ramani ya upimaji. Hilo la mwisho linatokana na msanifu kupima uzio badala ya bikoni. Mpe ramani ya upimaji siku ya kwanza, na umwambie achore kwa kutumia namba zilizomo humo.